Mbuzi wa Nani?

Mbuzi wa kwanza tulimnunua soko la Mudaka kwa dola 45, na kesho yake akala orodha ya wanachama waanzilishi. Sisemi kwa mfano. Karatasi ilikuwa juu ya ndoo, majina saba na sahihi saba, tayari kwenda kwa notari, yule afisa anayethibitisha nyaraka. Nikageuka kumlipa motari, dereva wa pikipiki, nikasikia kitu kinatafunwa. Ikabidi tuzunguke mji upya, Panzi, Nguba, Kadutu, kuomba sahihi tena. Mmoja wa wale saba alikuwa ameshabadili nia, tukatafuta mwingine. Mpaka leo huyo aliyechukua nafasi yake huwaambia wageni kwamba aliingizwa kwenye shirika na mbuzi.

Wengi wanaoniuliza tulianzaje shirika hili la vijana na mifugo, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wanataka kuanza na wao. Kwao naandika haya, na nitakaa zaidi kwenye yale tuliyoyakosea.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka sita kama asistante sosiale, yaani mfanyakazi wa ustawi wa jamii, katika kituo kimoja hapa Bukavu. Kilipokea vijana wa aina mbili: waliotoka kwenye makundi ya silaha, na watoto wa barabarani tunaowaita maibobo. Kazi ilikuwa ya mradi, na mradi huzaliwa ukiwa na tarehe yake ya kufa. Kijana alifundishwa miezi sita kushona, kupika sabuni au kufungua injini, akapewa vifaa, akapigwa picha, akaenda zake. Kuna cherehani niliyoikabidhi kwa mikono yangu siku ya Ijumaa. Jumatano nikaikuta soko la Kadutu, imefungwa kamba, inasubiri mnunuzi. Sikumlaumu kijana. Cherehani ilimkuta na njaa ya tangu Jumapili.

Aliyenifungua macho ni mlinzi wa kituo. Nyuma ya jiko alikuwa na sanduku la mbao lenye kobayi kama kumi na watano. Kwa msomaji wa mbali: kobayi ni mnyama mdogo asiye na mkia, mnene kama kiatu cha mtoto. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, lakini huku Kivu amekuwa mwenyeji kabisa. Analala jikoni na kula majani, na mara nyingi mwenye mali ni mama au mtoto wa nyumba. Sasa, vijana wetu walikuwa na kikao na mwanasaikolojia kila Jumanne. Kumi hawakai dakika kumi bila mmoja kusimama, kutukana, kutoka. Lakini wale wale waliotoka nilikuwa nawakuta nyuma ya jiko, wamechuchumaa, kimya, mmoja ameshika unyasi na mwingine anahesabu watoto waliozaliwa usiku. Saa nzima. Saa mbili. Mlinzi hakuwaambia kitu, aliendelea kuchambua maharage yake.

Mradi ulipokwisha, nikawaambia wenzangu sita: tutafute shamba.

Karatasi nitazipitia haraka, maana zinachosha. Mashirika yasiyo ya faida katika Kongo yanaongozwa na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Unaandika kanuni, unapita kwa notari, unapita Wizara ya Sheria ngazi ya jimbo, na utu wa kisheria wenyewe, yaani shirika kutambuliwa rasmi, unatolewa na Waziri wa Sheria kule Kinshasa, baada ya wizara inayohusika na kazi yako kutoa maoni. Kutoka Bukavu hadi Kinshasa wakati ule mtu alikwenda kwa ndege. Karatasi yetu nadhani ilienda kwa miguu. Kuna ofisi moja ambapo faili letu lilipotea mara mbili, likaonekana mara mbili, na kila lilipoonekana kulikuwa na mtu anayetaka ya soda. Ushauri wangu ni mmoja tu: toa nakala tano za kila kitu, na uziweke mbali na mbuzi.

Ardhi ndiyo iliyotufundisha kwa fimbo. Katika Bushi, nchi ya Washi inayozunguka Bukavu, anayekaa juu ya ardhi kwa kudumu ni yule aliyepata kalinzi: alitoa ng'ombe kwa mwenye mamlaka, akapewa mlima au sehemu ya mlima, na watoto wake watarithi. Sisi hatukuwa na ng'ombe wa kutoa. Tukachukua bwasa, yaani ruhusa ya kulima kwa muda, unalipa kwa msimu. Mwenye shamba alikuwa mzee mpole, si mbali na Mudaka. Tulikubaliana, tukanywa kasiksi, pombe ya ndizi, tukapeana mikono.

Halafu tukafanya jambo la kitaalamu. Mlima ulikuwa unateremka, udongo unakwenda na mvua, kwa hiyo agronomu mmoja, mtaalamu wa kilimo rafiki yetu, akatushauri tupande kalyandra, mti wa malisho, na penisetum, nyasi ndefu, kwa mistari inayokata mteremko. Majani kwa mbuzi, mizizi kwa udongo. Nilijisikia mwerevu sana. Vijana walichimba wiki mbili. Miezi minane baadaye mti wa kalyandra ulikuwa umenipita kimo, na mzee mpole akaja asubuhi na watoto wake wanne wa kiume.

"Mama," akasema, "umepanda miti."

Nikamweleza mmomonyoko. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Akarudia: "Umepanda miti."

Kila mtu wa Kabare, huko vijijini, anajua jambo ambalo mimi, binti wa Kadutu niliyekulia kwenye lami, sikulijua: mtu wa bwasa anapanda maharage, mahindi, viazi. Kinachovunwa kikaisha. Akipanda kitu cha kudumu, amesema bila kufungua mdomo kwamba na yeye anadumu. Mzee hakuwa mbaya. Alikuwa anailinda ardhi ya watoto wake dhidi ya mwanamke mwenye karatasi za mjini. Alitupa siku thelathini. Tulihamisha mabanda vichwani hadi Kasha, upande wa Bagira, kwenye paseli, yaani kiwanja, ya shangazi wa mwanachama mmoja, na safari hii tukaandika kila kitu mbele ya shefu, yaani chifu, wa eneo na mashahidi wa pande zote mbili. Kalyandra zetu ziko kule mpaka leo. Mzee anafuga mbuzi sasa, nasikia wananona.

Hilo la ardhi liliniuma mfukoni. La nguruwe liliniuma pengine.

Nguvu zetu tuliziweka kwanza kwenye nguruwe kwa sababu hesabu zake ni tamu. Mimba siku 114, watoto wanane au kumi, na chakula chao ni mabaki: maganda ya mihogo, machicha ya kiwanda cha bia tunayoyaita dreshi, na makombo ya mikahawa. Tulikuwa na nguruwe kumi na mmoja. Kijana mmoja wa miaka kumi na sita alijitolea kukusanya makombo. Alikuwa na migahawa minne mjini, kila jioni anapita na bidoni yake, dumu la plastiki la manjano, na wapishi wakamzoea, wakawa wanamwekea. Kabla ya hapo, kwenye mikahawa hiyo hiyo, alikuwa akifukuzwa kwa maji ya moto.

Jumatatu nguruwe jike mkubwa akakataa chakula. Jumanne masikio yakawa mekundu, halafu yakaingia rangi ya zambarau, na chini ya tumbo vilevile. Jumatano akafa, na wengine watatu wamelala. Daktari wa mifugo alifika, akasimama nje ya banda, hakuingia hata mguu. Akasema: homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, na miaka mia moja baadaye daktari wangu hakuwa na sindano ya kuutibu wala ya kuuzuia. Virusi vyake havimdhuru mtu, lakini vinakaa kwenye nyama, hata ya kukaushwa, na njia moja kubwa ya kusafiri ni hiyo hiyo bidoni ya manjano: kipande cha nyama ya nguruwe mgonjwa kutoka sahani ya mteja hadi chombo cha nguruwe mzima. Makombo lazima yachemshwe vizuri. Sikujua. Nilikuwa nimesoma kitabu kizima kuhusu kiwewe cha watoto na sikuwa nimesoma kurasa mbili kuhusu nguruwe.

Kwa siku sita wakaisha wote. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo hata leo nikilikumbuka nataka kulirudisha mdomoni. Nilisimama katikati ya uwanja, mbele ya vijana wote, nikauliza kwa sauti: "Makombo haya yaliletwa kutoka wapi?"

Niliuliza kama mtu anayetaka habari. Yeye alisikia hukumu. Usiku ule akaondoka. Tulimtafuta siku tisa, tukamkuta Nyawera amelala chini ya meza ya muuza mikate, ananuka gundi. Nilichuchumaa. Nikamwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyepaswa kujua mambo ya kuchemsha. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza kama tumewazika vizuri. Tulikuwa tumewazika na chokaa, shimo la mita mbili. Sikumwambia kwamba usiku wa pili watu walikuja na majembe kufukua nyama, na Papa wetu wa zizi alilala juu ya kaburi la nguruwe siku nne akiwa na panga.

Huyo Papa nimtambulishe sasa. Ni mzee kutoka milima ya Kabare, amechunga tangu mtoto, hajui kusoma, na kwenye orodha ya wafanyakazi tulimwandika "mchungaji". Mgeni mmoja aliyetoka mbali akaja kutukagua, akaona orodha, akafurahi sana kwamba tuna huduma ya kiroho, akaomba mchungaji afungue kikao kwa sala. Papa akasali. Kwa Kimashi, lugha ya Washi, dakika ishirini, na mgeni akafumba macho muda wote. Nikamuuliza baadaye alikuwa anaomba nini. Akasema aliwaombea mbuzi wote, mmoja baada ya mwingine, kwa majina.

Baada ya nguruwe tulibaki na mbuzi tisa, kuku, na deni. Tukarudi kwa kobayi, pale tulipotakiwa kuanzia. Jike anabeba mimba siku kama 68, na mtoto anazaliwa na manyoya, macho wazi, siku hiyo hiyo anatafuna jani. Hahitaji ardhi, sanduku linatosha. Mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, kama wetu sisi, kwa hiyo lazima ale majani mabichi kila siku, na mimi naona hilo kama zawadi: hakuna siku ambayo kijana anaweza kusema leo sina kazi. Wakati wa jua kali, Juni hadi Agosti, majani yanakuwa machache na lazima uamke mapema kuyatafuta karibu na maji.

Na wanapiga mluzi. Kijana wetu wa bidoni, baada ya kurudi, alichukua masanduku mawili ya mwisho karibu na ukuta. Siku moja akaniita. "Mama, pita hapa. Usibebe kintu." Nikapita mbele ya masanduku mikono mitupu. Kimya. "Sasa angalia." Akatoka nje ya lango, akavua ndala, akarudi akitembea kawaida, mikono mitupu vilevile. Alipokuwa bado hajafika kwenye kona, sanduku zima likaanza kupiga mluzi, wote wamesimama, pua zimebanwa kwenye nafasi za mbao. Akapita bila kuwaangalia, kama waziri. Alipofika kwangu hakusema neno, aliniangalia tu kuona kama nimeona.

Mwanasaikolojia mmoja, rafiki yangu, akanieleza kwamba tunalolifanya si jambo jipya. Huko Uingereza, mji wa York, Waquaker walifungua mwaka 1796 nyumba ya wagonjwa wa akili, na kwenye nyua zake wakaweka sungura na kuku ili wagonjwa wawe na kitu cha kuzoeana nacho. Marekani, mwanasaikolojia wa watoto aitwaye Boris Levinson aligundua kwa bahati kwamba mtoto asiyemkaribia mtu alimkaribia mbwa wake, na mwaka 1962 akaandika kuhusu mbwa kama msaidizi wa tiba. Nilifurahi kusikia. Lakini mbwa wa Levinson hakuwa mbwa wa Bukavu, anayefungwa mchana na kufunguliwa usiku ili ang'ate. Na sungura wa York hakuliwa na mgonjwa siku ya Noeli. Hapa mnyama ni rafiki, ndiyo, lakini pia ni ada ya shule, ni mahari, ni faini kwa shefu, ni nyama. Anayetaka kunakili shamba la tiba la ng'ambo na kulileta huku asipofikiria hilo, atapata shida niliyoipata mimi.

Shida yenyewe ilianza na swali. Tulipata msaada wa kununua mbuzi ishirini, na mfadhili alitaka kila mbuzi awe na kipande cha plastiki sikioni chenye alama ya mradi. Tukaweka. Tukampa kila kijana mbuzi wa kumtunza. Msichana mmoja kutoka Walungu, miaka kumi na saba, akaangalia lile sikio, akaniuliza:

"Mama, iyi mbuzi iko ya nani?"

"Ni wa shirika. Lakini wewe ndiye unayemtunza."

"Akizaa?"

"Watoto pia ni wa shirika, ili wasaidie wengine."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi haiko ya mtu."

Nilidhani ni ubishi wa umri. Lakini angalia neno "ya proje", yaani ya mradi, linavyotumika mjini kwetu. Bomba la maji la proje, choo cha proje, gari la proje. Maana yake: hakina mwenyewe, kikivunjika tusubiri waje. Vijana hawa walikuwa wameishi maisha yao yote ndani ya vitu visivyo vyao. Bunduki ilikuwa ya kamanda. Gunia la kulalia lilikuwa la mkubwa wa genge. Kitanda cha kituo kilikuwa cha kituo. Na mimi nimewaletea mbuzi mwenye hereni.

Tulibishana miezi mitatu kati yetu sisi saba. Wawili waliogopa: wakipewa, watauza. Mfadhili naye hakupenda. Aliandika kwamba ripoti lazima ionyeshe mbuzi waliopo, na picha. Picha alizozitaka ni za mtoto amekumbatia mbuzi. Mkataba ulipokwisha hatukuuomba tena, na lile deni nililolitaja tulilimaliza kulipa miaka miwili baadaye kwa mayai na likelemba, yaani kuchangiana pesa kwa zamu.

Utaratibu tulioufikia ni huu. Kijana anapewa kobayi majike wawili, dume anaazima. Akishazalisha, anarudisha majike wawili kwa ajili ya mwenzake atakayekuja. Waliobaki ni wake. Wake kabisa, anaweza kuuza, kubadilisha, kugawa, kula. Anayefika hatua ya mbuzi anarudisha mtoto jike wa kwanza, na mama mbuzi anakuwa wake. Yote yanaandikwa kwenye daftari kubwa la jalada jeusi, na kijana anatia sahihi au kidole. Tulikata zile hereni kwa koleo.

Kuandika ni rahisi. Jaribio lilikuja Desemba. Kijana wa bidoni alikuwa wa kwanza kufika kwenye mbuzi, na jike wa kwanza alikuwa amesharudisha. Mimi kichwani mwangu nilikuwa nimeshapanga maisha yake: mbuzi mama atazaa tena Februari, tutauza wawili, atalipa ada ya ufundi umeme. Nilikuwa hata nimeongea na shule. Tarehe 24 jioni nafika shambani, namkuta amemfunga mbuzi kamba, anatoka naye. Kesho yake nikasikia habari kutoka kwa motari: amemchinja karibu na soko la Kadutu, amepika michopo, nyama ya kuchoma, kwenye pipa, amelisha maibobo wote wa eneo lile, zaidi ya thelathini, na bugali, na ndizi. Waliimba mpaka usiku.

Sikulala. Nilimsubiri tarehe 26 kama mama anayesubiri mwanawe mlevi. Alipofika, amefurahi, ameleta hata ngozi ameikunja vizuri, nikamlipukia. Ada! Miaka miwili ya kazi! Kwa watu ambao kesho wataamka na njaa ile ile! Alinisikiliza ameshika ngozi. Furaha ilimtoka usoni kidogo kidogo, nikaiona inavyotoka, na sikunyamaza.

Papa alikuwa anachonga mpini. Hakunyanyua kichwa. Akasema kwa Kimashi, halafu, kwa kuwa Kimashi changu ni cha kuombea maji tu, akarudia kwa Kiswahili: "Mama, ule mbuzi ulimpa, ao ulimuachia kamba tu?"

Nikasema nilimpa.

"Mwenye mbuzi njo mwenye kisu."

Akaendelea kuchonga. Nilikaa juu ya jiwe. Nikafikiri juu ya baba yangu, aliyechinja dume lake la pekee siku ya ubatizo wa mdogo wangu, tukala mihogo miezi minne, na hakuna mtu kwenye ukoo aliyemwita mpumbavu, walimwita mtu. Kijana huyu hakuwa na ukoo. Ukoo wake ulikuwa pale sokoni. Alikuwa amekwenda kujionyesha kwao kwamba naye ana cha kuchinja. Nilimwomba msamaha, kwa mara ya pili sasa, na ngozi tukaiwamba ukutani. Ufundi umeme hakwenda mwaka ule. Wala mwaka uliofuata. Sitaki kukudanganya.

Wako waliouza kobayi wote wakapotea, wanne. Mmoja aliuza, akapotea, akarudi na kobayi aliowaiba kwingine, ikabidi tuwarudishe kwa mwenyewe kwa aibu. Hilo pia liko kwenye daftari.

Msichana wa Walungu nimemwacha nyuma, ngoja nimrudie. Ilikuwa usiku wa mvua ya Novemba, mbuzi wake anazaa mara ya kwanza. Miguu miwili ya mbele ilikuwa imetoka, kichwa bado, na jike analia kama mtu. Papa alikuwa na homa, kwa hiyo tulikuwa sisi wawili na tochi ya simu. Nilimwambia asubiri mbuzi asukume, avute naye kwa pamoja, kwenda chini, siyo moja kwa moja. Akavuta. Mtoto akateleza akaangukia mapajani mwake na maji yote, amelegea. Akamfuta pua kwa kikwembe, akaingiza unyasi puani kumtekenya, mtoto akapiga chafya. Tukapaka yodi kitovuni. Halafu mama mbuzi akanusa, akageuka, na mtoto alipomfuata akampiga kichwa.

Yule msichana akauliza, bila kunitazama: "Na mbuzi anakataaka mtoto wake?"

Nikasema ndiyo, hutokea, hasa mimba ya kwanza. Ameumia, ameogopa, hajui huyu ni nani. Hana ubaya.

"Wanafanyaka nini?"

Nikamwonyesha. Unachukua ute wa uzazi unampaka mtoto mgongoni na puani kwa mama. Unawafungia mahali padogo. Unamshika mama pembe, unamweka mtoto kwenye chuchu anyonye yale maziwa ya kwanza, ya manjano, dang'a, maana bila hayo atakufa. Unarudia baada ya saa mbili tatu. Kesho unarudia. Wengine siku tatu, wengine wiki. Wengine hawakubali kabisa, unamnyonyesha kwa chupa.

Alimshika pembe usiku kucha. Saa kumi na moja alfajiri nilipoamka juu ya magunia, mbuzi alikuwa anamlamba mtoto masikio, na yeye amekaa na mgongo ukutani, kikwembe kimekauka na damu. Sikumuuliza kitu. Nilijua kutoka kwenye faili la kituo kwamba ana mtoto wa miaka miwili kwa nyanya yake Walungu, na kwamba hajamwona tangu amzae. Jumapili akaomba nauli. Nikampa. Alirudi Jumatatu jioni, akaingia moja kwa moja zizini, na mpaka leo hajanieleza alikwenda kufanya nini. Anaomba nauli kila mwezi.

Februari 2025 vita vilipofika Kavumu, nje ya mji, halafu mjini, tulifunga lango siku tano. Watu wenye bunduki walikuja usiku wa tatu. Sikuwauliza ni wa upande gani. Walichukua mbuzi kumi na wanne na kuku wote, pamoja na buti za Papa. Kwenye masanduku ya kobayi walimulika tochi, mmoja akacheka, wakaenda. Wanawake wa vijijini wanalijua jambo hilo tangu vita vya kwanza: ng'ombe huenda, mbuzi huenda, kobayi hubaki, na ukikimbia unambeba kwenye kikapu chini ya nguo. Benki zikafungwa, dreshi ikakosekana, pumba ikapanda bei. Waliobaki na masanduku ndio waliotulisha mwezi wa Machi, na hakuna aliyewaamuru. Walikuja mmoja mmoja na kobayi aliyechunwa kwenye sahani, wakisema: huyu wangu.

Leo tuko na vijana ishirini na sita, mbuzi wanane, na kobayi sijui, wanazaliana ninapoandika. Kijana wa bidoni ana miaka ishirini na mbili. Alianza upya na majike wawili kama mgeni, akapanda tena hadi mbuzi, na huyo mbuzi amemwita Deni kwa sababu bado anadaiwa jike wa kwanza. Mwaka jana Deni alizaa dume. Juzi usiku amezaa pacha. Asubuhi nikafika na daftari jeusi kwapani, nikamkuta amesimama mlangoni mwa zizi, ameziba njia kwa mikono, anacheka mpaka machozi.

"Mama, rudisha daftari. Dume zote mbili."

Nikasema sijaona, nipishe nihesabu mwenyewe. Akanipisha. Papa alikuwa ndani, ameinua mmoja kwa miguu ya nyuma, anamwangalia kwa makini kama hakimu. Akatikisa kichwa, akamweka chini, akamwinua wa pili.